Kuingia Ngezi na Suruali, Kutoka na Kanga

Suruali ya msafiri anayezuru msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba, huvuliwa saa nne na robo asubuhi, katikati ya barabara ya udongo, mbele ya akina mama watano wenye mizigo ya kuni, watoto kumi na wawili wanaotoka chuoni, mzee mmoja mwenye baiskeli, na mtembezaji wageni ambaye ghafla amepata jambo la kutazama juu mitini. Vijitabu vya mwongozo havilitaji jambo hili. Huanza na boti, vikapitia popo, vikamalizia na machweo ya jua. Ni kweli kwamba tukio lenyewe limethibitishwa mara moja tu, lakini alama zake, shingoni, kiunoni na mahali pengine, zingali zinawasha, na kwa hiyo inafaa lielezwe kwa utaratibu, kuanzia bandarini.

Pemba iko kaskazini ya Unguja, umbali wa kilomita 50 hivi. Ukivitazama visiwa hivi juu ya maji ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao iko chini. Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara, na mkondo unaoitenga na Bagamoyo ni wa maji madogo. Katika zama za barafu, bahari iliposhuka, palikuwa na njia ya miguu toka bara mpaka Unguja, na chui aliitumia. Pemba haikupata njia hiyo. Kati yake na Tanga kuna mkondo wenye kina cha mita 800 hivi, na kisiwa kimekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka. Kila kiumbe kilichofika huko kiliruka, kilielea, au kilipandishwa chomboni.

Msafiri hupandishwa chomboni. Boti ikiwa bado ubavuni mwa Unguja, bahari hutulia kama maji ya beseni, na hapo ndipo wageni hununua korosho na soda. Ikishaipita Nungwi, hutoka kwenye kivuli cha kisiwa, na mawimbi ya bahari kuu, ambayo hayajakutana na kizuizi tangu mbali sana, huikuta upande. Kusi likiwa limeshika, boti huinuka na kushuka kama ubao wa watoto ulioegemezwa gogo: katikati hutikisika kidogo, ncha ndizo zinazosafiri. Abiria mzoefu hukaa chini, nyuma kidogo ya katikati, akajifunika uso kwa mtandio au kilemba, akalala kabla kamba hazijafunguliwa. Msafiri wetu alikaa juu, mbele kabisa, kwa sababu kijitabu kilisema ndipo penye mandhari. Mandhari yalionekana kwa muda wa dakika arubaini. Baada ya hapo ulionekana mfuko.

Boti hutia nanga Mkoani, na kutoka hapo barabara hupanda na kushuka vilima mpaka Chake Chake, kisha huendelea kaskazini hadi Konde. Waarabu walikiita kisiwa hiki Jazira al-Khadhraa, kisiwa cha kijani, nao hawakukosea, ila kijani kile kimebadilika aina yake. Vilima vingi vilivyokuwa na msitu vilipandwa mikarafuu katika karne ya 19. Mwaka 1872 kimbunga kikang'oa mikarafuu ya Unguja na kuisaza ya Pemba, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa zinatoka huku. Harufu yake humpokea mgeni kando ya barabara, zinakoanikwa juu ya majamvi, na kwa tumbo lililotoka kwenye boti harufu hiyo ni dawa, mradi gari lisipige kona. Ngezi, yenye hekta 1,440 hivi kwenye pembe ya kaskazini-magharibi, ndicho kipande kikubwa cha msitu wa asili kilichobaki.

Kijitabu kilichotajwa hapo juu kinahitaji maelezo yake. Ni cha kurasa arubaini, kina picha za rangi, na kimeandikwa kwa Kiswahili, jambo lililomfurahisha msafiri hata akakinunua bila kukifungua. Kwa mujibu wa kijitabu hicho, fahari ya Ngezi ni "mbweha warukao". Msafiri alishuka Konde akalikuta baraza la wazee wanne, akasalimu, akaketi, na baada ya salamu kwisha, jambo ambalo kule halifanywi kwa haraka, akauliza mbweha warukao wanapatikana wapi.

Wazee walitazamana. Mkubwa wao akauliza kama amesikia sawasawa. Kisha akajibu kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa: "Mbweha hapa hatuna, mwanangu. Hata wa kwenda kwa miguu hatuna, seuze wa kuruka."

Waliokuwa wakitafutwa ni popo. Popo wa Pemba akikunjua mabawa hufika mita 1.6. Hula matunda, na hatumii mwangwi kama wale wadogo wa darini. Huona kwa macho na kunusa kwa pua, kama mtu anayetafuta embe gizani. Jamii yake, Pteropus, imeenea Asia, Australia na visiwa vya Bahari ya Hindi, lakini bara la Afrika halina hata mmoja. Pemba na Mafia ndipo walipokomea, kana kwamba waliiona Tanga kwa mbali wakaghairi. Kitoweo chao kilipendwa, na miti yao ya kulala ilikatwa, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 ikahofiwa kwamba wamebaki wa kuhesabika kwa vidole. Wanavijiji wakaamua kuwalinda, na baada ya miaka ishirini hivi wakawa wamepita 20,000. Hizi ni habari kubwa, na kila mzee wa lile baraza alizijua. Ila alizijua kwa jina la popo.

Msitu wenyewe huanza ghafla. Barabara hutoka juani ikaingia ndani ya kivuli kama mtu anayeingia msikitini, na jasho, badala ya kukauka, hukaa. Mvua ya Pemba kwa mwaka ni nyingi, na sehemu yake kubwa haiondoki. Hubaki kwenye majani, kwenye mizizi, na kwenye kola ya shati. Mivule husimama mirefu juu ya yote. Chini yake kuna mpapindi, mti wa jamii ya michikichi ambao kwa asili unaota Pemba tu, na ndugu zake wanaishi Madagaska na Komoro. Mtu akiunganisha mpapindi na popo, huona kwamba kisiwa hiki kimeipa Afrika mgongo, kikawa kinatazama mashariki. Upande wa bahari miti hupungua kimo, ikasimama juu ya mawe ya matumbawe, kisha ikawaachia mikoko. Kijitabu kinasema msitu huu haujawahi kuguswa na mkono wa binadamu. Ndani yake kiliwahi kufanya kazi kiwanda cha mbao.

Juu ya mavazi, kijitabu kilikuwa na ukurasa mzima. Shati liwe la mikono mirefu. Mkanda ukazwe. Viatu viwe vya kamba, vinavyofunika vifundo vya miguu. Suruali iwe ndefu, na miguu yake ichomekwe ndani ya soksi, ili wadudu wasipate kupanda. Ushauri huu umejengwa juu ya dhana kwamba wadudu hutoka chini. Msafiri aliufuata wote, neno kwa neno, na watoto wa kijiji cha Makangale waliomwona akipita asubuhi ile walimsindikiza kwa macho ya heshima, kama wanavyomtazama bwana harusi aliyevaa joho la kuazima.

Ukurasa uliofuata ulimhimiza msafiri asikose kuwatazama kwa karibu "chungu wafumaji", mafundi wasio na kifani. Msafiri aliwaza mikeka. Aliwaza labda na vikapu. Na hatua mia tatu hivi ndani ya msitu, kwenye tawi lililoinamia barabara, alikiona kile alichoahidiwa: donge la majani mabichi, kubwa kama dafu, yaliyounganishwa kingo kwa kingo kwa kitu cheupe mfano wa pamba.

Kazi ile inastahili sifa zote inazopewa. Chungu mmoja hushika ukingo wa jani kwa meno, akakanyaga jani la jirani, akavuta. Jani likiwa mbali, mwenzake humshika yeye kiunoni, wa tatu akamshika wa pili, mpaka unapatikana mnyororo wa chungu unaoning'inia hewani na kuvuta kwa pamoja, kama watu wanaopandisha ngalawa pwani, ila bila ya kuimba. Minyororo kadhaa huvuta sambamba. Majani yakishagusana, kundi jingine huenda kwenye kiota cha zamani likarudi limebeba watoto, na hapa ndipo penye ajabu. Chungu mkubwa hana uzi. Uzi anao mtoto, yule funza mweupe asiye na miguu. Mfanyakazi humshika mtoto mdomoni, akamgusisha kichwa kwenye ukingo wa jani hili, kisha wa lile, kisha wa hili tena, kama fundi apelekaye sindano, na kila anapogusishwa mtoto hutoa hariri. Watoto wa chungu wa jamii nyingine nyingi huiweka hariri hiyo wajifumie kifuko cha kukulia. Mtoto wa huyu huitoa yote kwa ajili ya nyumba, akakua uchi.

Kundi moja linaweza kuwa na wafanyakazi wanaokaribia laki tano, wote wa kike, waliotapakaa katika makumi ya viota juu ya miti kadhaa, na malkia mmoja katika kimojawapo. Miti hiyo yote ni mtaa mmoja wenye mipaka na ulinzi. Kwa ndugu zao wa Asia imeonekana kwamba viota vya mpakani hukaliwa na wafanyakazi waliozeeka: vijana hubaki ndani kulea, na mabibi ndio wanaopelekwa vitani. Wakulima wa kusini mwa China waliielewa nguvu hiyo zamani sana. Tangu karne ya 4 imeandikwa habari ya viota vyao kuuzwa sokoni na kutundikwa kwenye michungwa ili vilinde matunda. Zanzibar yenyewe, katika miaka ya 1950, mtaalamu wa wadudu M. J. Way aliwachunguza kwenye minazi na mikarafuu. Ilibainika kwamba mnazi wenye chungu hawa haupukutishi vidaka ovyo, kwa kuwa wanamfukuza kunguni anayefyonza nazi changa. Kunguni huyo akapewa jina la mtaalamu, Pseudotheraptus wayi. Chungu waliofanya kazi hawakupewa kitu.

Aliye na elimu kubwa zaidi juu yao ni mchumaji wa karafuu. Yeye hukutana nao juu kabisa ya mti, mkono mmoja umeshika tawi na wa pili umeshika kikonyo, na hawezi kukimbia, kujikuna wala kuvua nguo. Humaliza kuchuma tawi, akashuka, akawaita kwa jina lao.

Jina lao ni majimoto.

Majimoto hana mwiba. Huuma kwa meno, akang'ang'ania, kisha hukunja tumbo kuelekea mbele na kuinyunyizia asidi ya fomiki ngozi aliyoitoboa. Anayeumwa huona kama amemwagiwa birika. Na haumi peke yake. Akishakasirika hutoa harufu, nayo ni mchanganyiko wa kemikali zisizopungua nne zinazoenea kwa kasi tofauti. Ya kwanza hufika mbali upesi na kuwaamsha wenzake. Ya pili huwavuta waje. Zilizobaki hukawia pale pale, zikawaelekeza mahali pa kuuma. Ni adhana, njia na kituo, vyote ndani ya tone lisiloonekana. Kumpiga kofi mmoja hakusaidii. Aliyepigwa ameshatoa habari.

Msafiri alilishusha tawi kwa mkono wa kushoto, simu ikiwa katika mkono wa kulia, ili apige picha kwa karibu kama alivyohimizwa. Mtembezaji alikuwa nyuma hatua thelathini. Alikuwa amekutana na akina mama wa kuni, na salamu za Pemba hazikatwi: wazima, watoto wazima, mzee mzima, shamba zima, na mgeni wenu huyo naye mzima? Akamtazama mgeni ili ajibu kama ni mzima, akapiga ukelele: "Majimoto hayo, kaka!"

Neno hilo halihitaji tafsiri. Msafiri alilijua, mwili wake ukalijua zaidi, na laiti lingetangulia kwa sekunde mbili, maelezo haya yangeishia kwenye popo. Lakini mkono wa kushoto uliposhtuka uliliachia tawi, tawi likarudi kwa nguvu, kiota kikagonga ukingo wa kofia, na mabibi wa mpakani wakashuka. Walishukia kolani. Kutoka kolani walikwenda chini, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi, wakapita mgongoni, wakabanwa kidogo na mkanda, wakaupita, wakaendelea mpaka kwenye vifundo vya miguu, na huko wakakuta soksi. Vazi lililobuniwa kuwazuia wadudu wasiingie lilifanya kazi barabara ya kuwazuia wasitoke.

Katika hali hiyo kuna utaratibu sahihi wa kuvua, na ni vyema ukahifadhiwa. Kwanza kiatu, kisha soksi, kisha mkanda, na mwisho suruali. Shati laweza kwenda wakati wowote. Anayeanza na suruali, kama mtu mwenye maumivu anavyoelekea kufanya, hugundua kwamba suruali haiwezi kukivuka kiatu kilichofungwa kamba juu ya kifundo. Hufika hapo ikakwama, na mwenyewe hubaki na miguu iliyofungwa pingu kwa nguo yake, akawa hana njia ya kwenda ila kwa kuruka. Msafiri aliruka mara nne. Ya tano alikuwa chini, chali, akizifungua kamba ambazo kijitabu kilishauri zipigwe fundo mara mbili.

Watoto wa chuo walikuwa wamenyamaza. Kwa watoto kumi na wawili kunyamaza pamoja si jambo jepesi. Mzee wa baiskeli alisema "Laa ilaha illallah," akaigeuza baiskeli, akarudi alikotoka. Akina mama waligeuka wote kwa mara moja, migongo yao ikawa ukuta, na mizigo ya kuni juu ya ukuta huo haikutikisika. Mkubwa wao peke yake aliutua mzigo wake. Bila kugeuka, alitoa kichwani ngata aliyokuwa akiubebea, akaikunjua, na ngata ikawa kanga. Akairusha nyuma juu ya bega.

"Jisitiri, mwanangu," akasema.

Kisha akachuma majani makavu ya mgomba kando ya barabara, akayasokota ngata mpya, akajitwisha kuni zake, na alikuwa ameshamaliza yote hayo kabla msafiri hajapata kufunga fundo.

Kanga, kama inavyojulikana, ina pindo, mji na jina. Jina huandikwa upande wa chini, na mvaaji akijifunga kwa haraka, bila ya kioo wala mshauri, humkalia nyuma, mahali ambapo yeye peke yake hawezi kulisoma. Watoto wangeweza. Walikuwa wametoka kusoma muda si mrefu, sauti zilikuwa bado na moto wa chuoni, na walisoma kwa pamoja, kwa kuvuta, kama walivyozoeshwa: "Usi-safirie nyota ya mwen-zio." Kutoka hapo mpaka kijijini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu mitupu. Kila walipokutana na mtoto mgeni, walimsomea upya.

Kosa halikuwa la chungu, wala la mtembezaji, ambaye neno alilotumia lilikuwa sahihi. Mtu mmoja mahali fulani aliketi mezani na kitabu cha lugha nyingine, akachukua jina la mdudu, akalifasiri kipande kwa kipande, akapata "chungu wafumaji", akaona amefanya kazi. Hakumpigia simu mtu yeyote wa Pemba kuuliza mdudu huyo anaitwaje. Jina la kwao linakwambia utakachokiona ukimgusa. La kitabuni linakualika umguse. Ndivyo hivyo popo akawa mbweha. Mpapindi haukufasiriwa kabisa: uliandikwa kwa Kilatini, chini ya picha, katika kitabu cha Kiswahili, kana kwamba mti huo ulikuwa ukisubiri karne zote mtu aje kuubatiza. Na wakati huo huo yule mama anayapita majani yale kila wiki. Anajua mti gani unawaka vizuri na upi unajaza moshi jikoni, upi majani yake yanashusha homa, upi hausogelewi kwa sababu ya wenyewe waliomo ndani. Hajawahi kuulizwa. Kitabu cha msitu wa nyuma ya nyumba yake kinauzwa mjini kwa bei ya mizigo mitatu ya kuni, na angekisoma angedhani kimeandikwa juu ya nchi nyingine. Hili halichekeshi, na msafiri, ambaye ni Mswahili na alikilipia kijitabu bila kukifungua, hana haki kamili ya kulilalamikia. Analilalamikia hata hivyo.

Mambo yaliyobaki ni machache.

Malazi yalikuwa chumba kimoja kijijini, chenye chandarua kilichotiwa viraka kumi na kimoja na kuhitaji cha kumi na mbili.

Usiku wa kwanza pelele alilia juu ya mvule. Pelele ni mnyama mdogo kama sungura, lakini sauti yake ni ya mtu anayechinjwa kwa kisu butu. Msafiri alitoka nje na mwiko mkononi, akakuta jirani zake wanakunywa chai.

Siku ya tatu mkanda ulikuwa umeota kuvu.

Simu ilipata mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu, na kila aliyekuwa na jambo la faragha alilisema pale.

Viatu vilivyookolewa barabarani viliachwa juu ya mchanga wa Vumawimbi, palipoonekana pakavu, siku ya mwezi mpevu. Maji ya pwani hii hupanda na kushuka kiasi cha mita nne wakati wa bamvua. Kijitabu kilikuwa ndani ya kiatu cha kulia.

Popo walionekana jioni ya mwisho. Ni wakubwa.

Safari ya kurudi ilikuwa shwari. Msafiri alikaa chini, nyuma kidogo ya katikati, akalala kabla kamba hazijafunguliwa.

Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vyenye jina moja, na kipande kimoja hakikamiliki bila ya mwenzake. Kile cha Ngezi kilifuliwa, kikapigwa pasi, kikapelekwa kwa mwenyewe kabla ya safari. Alikirudisha. Alisema ngata ya majani ya mgomba imemkalia vizuri zaidi, na mgeni hatolewi uchi. Kwa hiyo sasa kipande kimoja kipo mjini, kimekunjwa juu ya kabati, na cha pili kipo Makangale.